Nilitaka Kupanda Pikipiki

Nawasalimu ninyi mtakaosoma, na zaidi wazazi wenye mtoto ambaye mwili wake haumtii. Mimi ni Nsimire, binti wa Goma. Naandika kwenye simu kwa kifundo cha kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa sababu huo ndio mkono unaonisikiliza kidogo. Mkiona herufi imekosewa mnivumilie. Kidole changu mara nyingine kinakwenda kinakotaka chenyewe.

Watu wakitoa ushuhuda huanza na maisha yao kabla ya ugonjwa. Kwangu hayo maisha ya kabla yalikuwa mafupi sana. Mama anasema nilizaliwa mzima, nikalia vizuri, nikanyonya kwa pupa. Ulikuwa wakati ule waasi walipokaribia mji na askari waliopaswa kutulinda wakawa wanakimbia huku wakivunja maduka. Mama alirudi nyumbani haraka kutoka alikojifungulia na kichanga chake, kwa sababu kila mtu alitaka kuwa kwake wakati risasi zinalia. Macho yangu yakawa njano, kisha ngozi. Majirani wakamwambia, "Mama, anika ye ku jua, itaisha." Kwetu ndivyo tunavyofanya, mtoto wa njano anaanikwa asubuhi. Basi nikaanikwa. Nikazidi kuwa njano, nikaacha kunyonya, nikalegea, halafu nikaanza kujikunja kwenda nyuma mpaka kisogo kikawa kinatafuta visigino.

Barabara ilipofunguka walinipeleka hospitali. Daktari aliwaambia kwamba ule umanjano umepanda kichwani na kuumiza mahali panapoongoza misuli.

"Akili yake inaweza kuwa nzima kabisa," alisema. "Ila mwili utamsumbua."

Papa, baba yangu, akauliza dawa. Daktari akasema dawa hakuna, kuna mazoezi, na mazoezi ni ya miaka mingi. Papa anasema alikasirika na yule daktari, kana kwamba yeye ndiye aliyeficha dawa.

Basi nikakua na mwili usiotulia. Natulia nikiwa usingizini tu. Nikiamka, mkono unaruka, shingo inapinda, mdomo unafunguka wenyewe na mate yanashuka mpaka kifuani. Nikitaka kuchukua kikombe, mkono unakwenda nyuma kwanza, halafu juu, halafu unakipiga kikombe. Nikicheka natikisika, nikiogopa natikisika zaidi. Chakula kinanipalia. Naongea, lakini neno moja linachukua muda wa watu wengine kusema habari nzima, na wengi hawana subira. Wananijibu kabla sijamaliza, tena wanajibu kitu ambacho sikuuliza. Wengine wananiona mjinga, na mimi nimesikia kila walichosema mbele yangu.

Kikundi kimoja cha maombi kilikuja nyumbani kunishika ili ile mitikisiko itoke. Walinishika miguu, mikono na kichwa. Kadiri walivyonikaza ndivyo mwili ulivyopigana nao, mpaka mkono ukachomoka ukampiga kiongozi wao kwenye pua. Akasema pepo huyu ni mkali. Mimi nilikuwa nataka maji tu.

Mama yangu anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, pale sokoni Kituku, ufukweni. Papa alikuwa karani kwenye mashua za mizigo zinazokwenda Bukavu, kwa hiyo alikuwa siku nyingi ziwani. Mtoto mwingine hawakupata. Mama alinibeba mgongoni kila mahali, sokoni, kanisani, msibani. Kwa sababu nilikuwa naruka, alinifunga kwa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, amekaza mpaka kifua kinaniuma. Wanawake wa Kituku walimsifu. Walisema Mama Nsimire anajua kufunga mtoto.

Mara chache kwa mwezi alinipeleka kwa Kine Odette. Kine ni jina tunalowapa watu wanaotibu viungo kwa mazoezi. Alikuwa na chumba kidogo chenye magodoro na mipira, na sisi watoto wa namna yangu tulikuwa tunalala pale tukinyooshwa huku mama zetu wanasukana nywele. Nilimpenda kwa sababu alikuwa ananisubiri nimalize sentensi. Lakini nyumbani yale mazoezi tulikuwa hatufanyi. Mama alikuwa anarudi amechoka, na alifikiri kazi hiyo ni ya mikono ya kine, kama sindano ilivyo kazi ya nesi.

Halafu volkano ikatoka.

Ilikuwa jioni, Papa yuko ziwani. Mbingu ikawa nyekundu upande wa mlima Nyiragongo na mtaa mzima ukatoka nje, watu na magodoro vichwani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, miguu mirefu, na Mama hakuweza tena kunibeba mbali. Akasimamisha pikipiki. Motari wa kwanza, ndivyo tunavyowaita madereva wa pikipiki za abiria, alinitazama nilivyokuwa natikisika kwa hofu, akaondoka. Wa pili vilevile. Wa tatu alitukubali, Mama akanipakata katikati na kunikumbatia kwa nguvu zake zote. Hatukufika mbali. Honi ikalia nyuma yetu, mwili wangu ukashtuka, mkono ukaruka ukampiga motari jichoni. Tukaanguka wote watatu juu ya mawe.

"Mama, huyu mutoto atatuua," alisema yule motari, ameshika jicho. "Mutafute namna ingine."

Akainua pikipiki yake na kupakia watu wengine waliokuwa wanasubiri hapohapo. Simlaumu. Angekaa na sisi angefanya nini?

Mama akanifunga vitenge vyake viwili akaanza kutembea kwenda mji wa Sake na umati wote. Uzito wangu ulimvuta nyuma, na mwili wangu haukuacha kumpiga. Nilimpiga mgongoni, nilimpiga masikioni, nikamng'oa kilemba. Mahali fulani alijikwaa, tukaanguka, goti lake likatua kwenye jiwe kali. Nilisikia jinsi lilivyolia. Aliketi pale watu wakitupita, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nsimire, ngoja kidogo. Ngoja kidogo tu." Halafu akasimama.

Tulifika. Mji haukuungua wote, nyumba yetu ilibaki, na baada ya ardhi kuacha kutetemeka tulirudi. Lakini goti la Mama halikurudi. Mpaka leo anapanda ngazi kwa mguu mmoja kwanza. Kunibeba mgongoni kukawa jambo la kutoka chumbani mpaka uani. Na kila mtu wa Goma anajua kwamba kukimbia hakuishi kwa mara moja. Kama si mlima ni vita. Nikilala nilikuwa nawaza siku hiyo nyingine. Nilijua Mama hataniacha, na hilo ndilo lililonitisha kupita yote, kwamba hataniacha na atafia pale barabarani amenifunga mgongoni.

Chumba cha Kine Odette kilipasuka ukuta, kikafungwa. Yeye mwenyewe alivuka ziwa na watoto wake akaenda kukaa Bukavu kwa wazazi wake. Mama alisema basi, mazoezi yameisha. Lakini siku moja simu ikalia na uso wa Kine Odette ukatokea kwenye kioo.

"Mama Nsimire, mutoto anaendelea namna gani? Tutafanya kazi hivi hivi, ku simu."

Mama alicheka. Mtu atanyooshwaje na simu? Tena alikuwa anaongea na simu kwa kelele kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Kine akamwambia aegemeze simu mahali, asogee nyuma.

"Sasa niko naona paka sufuria," alisema Kine, yaani anaona sufuria tu. "Geuza kidogo. Hapana, ile ni dari. Weka chini, mbali kidogo, nione mwili yake yote."

Ndivyo tulivyoanza. Umeme ulikuwa unakatika, tulipeleka simu kuchajiwa kwa jirani mwenye sola. Mega za intaneti zilikuwa zinaisha katikati ya zoezi na kumwacha Kine ameganda mdomo wazi. Lakini kitu kimoja kilibadilika. Kule chumbani mikono ilikuwa ya Kine. Sasa mikono ilikuwa ya Mama, na Kine alikuwa na macho na mdomo tu. Mama akawa hana namna, ikabidi ajue.

Siku za kwanza Kine aliuliza, "Nsimire, wewe unataka nini? Tufanye kazi ili uweze nini?"

Mama akajibu, "Anataka kutembea."

"Niko namuuliza yeye, Mama."

Nilianza kuvuta neno. Shingo ilikwenda kulia, mdomo ukafunguka, pumzi ikanipotea, nikaanza upya. Mega zilikuwa zinaisha. Mama alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kuvua samaki kwa mkono. Kine alisubiri tu, amekunja mikono.

"Ku-pa-nda piki," nilisema.

Mama akageuka akatazama uani. Alikuwa amenielewa kabla ya Kine. Kine akasema ni sawa, kupanda piki ni kukaa umetanua miguu, ni kushika, ni kutoanguka ikishtuka. Akasema pia kwamba hatujui kama nitaweza, asinidanganye. Nilipenda alivyosema hivyo.

Akamwambia Mama anikalishe, yeye aone. Mama akafanya alivyozoea, akanikalisha juu ya bidoni, dumu la maji la njano, iliyolazwa chini na kuzungushiwa blanketi, akaketi nyuma yangu, akachukua vitenge vyake viwili na kunifunga kwake. Alikaza kama kawaida. Na kama kawaida nikaanza kuruka, na yeye akakaza zaidi, mpaka nikawa nalia kamasi.

Kine akasogeza uso karibu na kioo. 

"Mama, legeza ile bitenge," alisema.

"Nikilegeza ataanguka."

"Legeza kidogo. Mwili yake iko napigana na kitenge. Wewe unakaza, naye anakaza, unakaza tena. Mupatie kitu ya kushika yeye mwenyewe. Weka bidoni ingine ya maji mbele yake. Viganja ku mushikilio. Viwiko vikunjwe. Kidevu chini. Miguu ikanyage kabisa."

Mama alibishana naye. Alimwambia amenibeba miaka yote hiyo, na hakuna mwanamke Kituku anayefunga mtoto kumpita yeye. Kine hakumkatalia. Alisema, "Ni kweli, unafunga muzuri. Lakini sasa haiko kazi ya kufunga."

Mama akafungua kitenge cha kwanza. Akafungua cha pili. Vidole vyangu akavikunja kimoja kimoja kwenye mshikilio wa bidoni, na nyayo zangu akazibana chini kwa nyayo zake. Niliinamisha kidevu. Na kwa muda mfupi, muda wa kumeza mate, mwili wangu ukatulia.

Sijui niwaelezeje. Mtu ambaye nyumba yake iko karibu na kinu husikia kinu siku zote hata anasahau kwamba ni kelele, mpaka siku kinu kinazimwa. Nilishtuka kwa ule utulivu, na kushtuka kukautawanya. Lakini nilikuwa nimeujua. Niliona Mama ana machozi, na nilimwambia turudie, na ilinichukua muda mrefu kusema neno hilo moja.

Tulirudia kwa miezi, kisha kwa mwaka na zaidi. Msifikiri palikuwa na muujiza. Siku nyingi mkono ulichomoka. Misuli ya mapaja iliniuma mpaka nikajikojolea. Nilimuuma Mama kidole bila kutaka, na mara moja kwa kutaka. Kine alikuwa anatugombeza kutoka Bukavu, halafu anatuonyesha mtoto wake mdogo ili tucheke. Papa aliporudi alitafuta sokoni Birere kiti cha pikipiki kuukuu, akakipigilia juu ya gogo, nami nikawa na pikipiki isiyokwenda popote uani kwetu. Nilikaa pale mbele ya mlango nikishika kiuno cha Papa, naye ameketi mbele yangu anamenya viazi.

Kisha vita vikaanza kusogea. Waasi walichukua Bunagana, mji wa mpakani, halafu tukawa tunasikia majina ya miji mingine moja baada ya nyingine, kila jina karibu zaidi na kwetu. Watu wa Rutshuru na Masisi wakajaa kandokando ya mji kwenye vibanda vya maturubai. Mabomu yakawa yanasikika kutoka upande wa Sake, kwanza mbali kama mtu anayefunga mlango wa jirani, baadaye madirisha yakawa yanatikisika. Hapo nikaona kazi yetu yote ni bure. Nilikuwa naweza kushika na kukaa, lakini bomu moja likilia mbali, mwili unatupa kila kitu, mikono juu, kichwa nyuma. Ni ileile honi ya siku ya volkano. Nilikasirika nikakataa mazoezi. Nilikataa hata kula. Nilikuwa nageuza uso ukutani na kusikiliza, nikisubiri mlio unaofuata, na kule kusubiri kulikuwa kunanitikisa kuliko mlio wenyewe.

Ni mimi niliyetoa wazo. Nililitoa kwa hasira, si kwa akili. Nilimwambia Kine kwenye simu, "Wa-pi-ge su-fu-ria."

"Nani apigwe sufuria?" aliuliza.

Nikaeleza. Papa asimame nyuma yangu nisikomwona, apige mfuniko wa sufuria ghafla wakati nimeshika. Kama mwili lazima ushtuke, ushtukie hapa nyumbani, ujifunze kushtuka bila kuachia.

Kine alicheka, halafu akaacha kucheka. "Hii habakunifundisha ku masomo," alisema. "Haitaondoa kushtuka, Nsimire. Kushtuka kutabaki. Lakini labda mikono itakuwa na akili yake. Tuanze pole pole. Na siku atasema hapana, mutaacha."

Basi nyumba yetu ikawa nyumba ya sufuria. Papa alinyemelea nyuma yangu na kijiko na mfuniko, anaficha cheko, halafu paa. Nilianguka kushoto, Mama akanidaka. Paa. Nilianguka kulia. Mbwa wa jirani alihama. Baba wa nyumba ya pili alikuja mlangoni.

"Papa Nsimire, kila siku sufuria, sufuria. Batu bako na wasiwasi ya mabomu, na weye unaongeza. Kuko nini huku kwenu?"

"Tuko nafanya kine," Papa alijibu.

Yule mzee alitutazama mmoja mmoja, akaondoka bila kuaga. Mtaani walisema Mama Nsimire na bwana wake wamechanganyikiwa, wanampigia mtoto mgonjwa sufuria. Mimi nilifurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza watu kuwasema wazazi wangu badala ya kunisema mimi.

Na ikaanza kufanya kazi. Mlio ulinipita mwilini kama kawaida, kichwa kikapiga mgongo wa Papa au kifua cha Mama, lakini vidole vikabaki. Si kila mara. Lakini mara nyingi zaidi. Kona ya mtaa wetu kulikuwa na motari anaitwa Shukuru, mtu mzima mwenye watoto wake, akakubali tujaribu kwenye pikipiki yake. Kwanza imezimwa. Halafu injini inanguruma imesimama. Halafu tukaenda polepole sana, Shukuru mbele, mimi katikati, Mama nyuma amenilegezea mikono kama alivyofundishwa, na Papa anakimbia pembeni na simu mkononi ili Kine aone. Kine alikuwa anapiga kelele, "Papa Nsimire, acha kukimbia hivyo, niko naona paka viatu vyako." Tulianguka mara moja kwenye mchanga wa lava, nikachubuka kiwiko. Shukuru alikuja tena siku iliyofuata.

Vita viliingia mjini mwezi wa kwanza wa mwaka. Papa alikuwa Bukavu na mashua, na mashua zikasimama. Umeme ukakatika, maji yakakatika, intaneti ikakatika. Kwa mara ya kwanza uso wa Kine haukuwepo mahali popote. Shukuru alikuwa ameshaondoka na familia yake. Tulijifungia chumbani, Mama na mimi, chini ya kitanda, na nilitikisika mpaka mbao za kitanda zikawa zinagongana. Halafu bomu likaangukia nyumba ya uani kwa jirani. Paa letu likafunguka upande mmoja, vumbi likatujaa mdomoni.

Mama alitambaa akanivuta kutoka uvunguni. Alikwenda ukutani akatoa vitenge vyake, akapiga magoti mbele yangu na kunigeuzia mgongo, kama alivyokuwa anafanya nilipokuwa mdogo. Goti lake lilikuwa limevimba. Nikasema hapana. Akasema panda. Nikasema hapana, na safari hii neno lilitoka moja kwa moja, sijui kwa nini.

"Piki," nilisema.

"Piki gani, mwanangu? Nani atatubeba?"

Alinikokota mpaka barabarani, mimi nikiburuta miguu, mikono yangu shingoni mwake. Watu walikuwa wanakimbilia upande wa ziwa. Motari mmoja alikuwa anakuja bila abiria, kijana mwenye jaketi jekundu, hatujawahi kumwona. Mama alimsimamisha akaanza kueleza, "Mutoto yangu iko na maladi, lakini anajua—"

"Mama, pandeni," yule alisema. "Utanielezea ku njia."

Mama aliinua mguu wangu akaupitisha. Aliketi nyuma. Niliinamisha kidevu, nikakunja viwiko, nikazungusha mikono kiunoni mwa yule kijana nikafunga vidole vyangu kwa vidole vyangu. Nyayo zangu Mama alizibana kwa zake. Tukaondoka.

Siwezi kuwaambia niliona nini, uso wangu ulikuwa ndani ya jaketi lake. Nilisikia. Risasi zilikuwa zinapita mahali fulani juu, na kitu kikubwa kililipuka nyuma yetu, kikubwa kuliko sufuria zote za Goma.  Kichwa kikapiga mgongo wake. Nilijikojolea, nikasikia joto likishuka mapajani. Mate yangu yalikuwa yamemlowesha mgongo mzima. Mwili wote ulikuwa unapiga kelele uachie. Vidole havikuachia.

Tulipofika karibu na Kituku, yule motari aligeuza kichwa kidogo.

"Mama," alisema, "ambia mutoto wako apunguze kukamata. Ananikaza tumbo, sipumue."

Mama akaanza kucheka. Watu wanakimbia, moshi uko juu ya mji, na mama yangu anacheka nyuma ya pikipiki mpaka nikamsikia anakohoa. Mimi pia nikacheka, na nikicheka natikisika, na yule kijana akasema, "Sasa kuko nini tena?"

Alitushusha kwenye uwanja wa parokia ambapo watu wengi walikuwa wameketi chini na vifurushi vyao. Mama alipotaka kunitoa, vidole vyangu vilikataa kufunguka, ilibidi avifungue kimoja kimoja. Yule kijana alishika mgongo wake uliolowa, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, mitikisiko na mdomo na yote.  Aliniambia tu, "Ya dada, uko na nguvu sana," akarudi alikotoka kutafuta watu wengine. Jina lake sikulijua. Namshukuru hapa kwa sababu sijui mahali pengine pa kumshukuru.

Papa alirudi baada ya wiki nyingi, amekonda. Mtandao ulirudi kabla yake. Uso wa Kine Odette ulipotokea kwenye kioo, mimi ndiye niliyemsimulia, si Mama. Ilichukua muda. Simu iliganda mara nyingi na kila iliporudi alikuwa palepale, anangoja neno lililobaki. Nilipofika kwenye maneno ya motari alifunika uso kwa mikono. Kisha akatwambia kwamba Bukavu nako wameanza kusikia mabomu, na kwamba amefunga begi la watoto. Tangu hapo tunaongea wakati wowote panapowezekana. Bado hatujatulia, yeye wala sisi.

Sasa niwaambie niliyotaka kuwaambia. Sijapona. Nitakuwa natikisika mpaka nife, na bado natema chakula mezani. Mkimwona kichanga ana macho ya njano, msimwanike juani, mkimbizeni hospitali hata kama njia ni mbaya, siku hizo chache ndizo za kumwokoa. Mtoto wenu akiwa ameshakuwa kama mimi, msikate tamaa kwamba daktari yuko mbali au kituo kimefungwa. Mikono ya mama na baba inaweza kufundishwa kwa simu iliyoegemezwa kwenye sufuria. Namshukuru Mungu, nawashukuru wazazi wangu walioitwa wendawazimu, namshukuru Kine ambaye hajanigusa kwa mkono wake tangu volkano.

Na nyumbani kwako kama yuko mtoto asiyetulia, ambaye mnamjibia kila mgeni anapomuuliza jambo, kaa mbele yake leo. Muulize anataka nini. Atapinda shingo, atatoa mate, atapotea njiani na kuanza upya, na wewe utakuwa na kazi jikoni. Usimsaidie neno. Ngoja amalize.